Maumivu yasiyoisha: tiba zilizopo, na dawa za kuogopa

Mwezi uliopita, mama mmoja wa Rubondo, hapa katika makazi ya Nakivale, alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake akanionyesha kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vitano vya rangi mbalimbali, bila jina la dawa wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Alivinunua dukani kwa pesa aliyopata baada ya kuuza maharage, na amekuwa akinunua vya namna hiyo karibu kila juma tangu mwaka juzi kwa sababu ya mgongo. "Nikivimeza, ninalima siku mbili," aliniambia. "Nisipovimeza, hata kufagia siwezi." Lakini sasa uso wake umevimba, tumbo linamwaka usiku, na kituo cha afya wamemwambia presha imepanda.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya watu kama yeye, wakimbizi na wenyeji pia, kwa sababu mgongo wa mkulima wa Isingiro hauna tofauti na mgongo wa mkulima aliyetoka Masisi au Rutshuru. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa ni mambo ambayo wahudumu wa afya huyasema kila siku lakini mara nyingi hawapati nafasi ya kuyaeleza vizuri, kwa sababu nje ya mlango kuna watu themanini wanasubiri.

Kwa nini maumivu hayaishi?

Ukijikata na panga, maumivu yanakuambia uache kazi na utunze kidonda. Kidonda kikipona, maumivu huondoka. Hayo ni maumivu ya muda mfupi, na yana faida. Maumivu yanayodumu au kurudi rudi kwa zaidi ya miezi mitatu wataalamu huyaita maumivu sugu, na hayo huwa na tabia tofauti.

Mfikirie mbwa wa mlinzi. Wezi wakija usiku anabweka, na ni vizuri. Lakini boma likiisha kuvamiwa mara nyingi, mbwa huyo huanza kubwekea hata mbuzi, hata watoto wa nyumbani, hata upepo. Hajawa mwongo, amejifunza kuogopa. Mishipa ya fahamu na ubongo navyo hujifunza hivyo hivyo. Baada ya miezi mingi ya maumivu, mwili hupiga kelele kwa jambo dogo, hata pale ambapo jeraha la mwanzo lilishapona.

Kwa hiyo mhudumu akikwambia "hatukuona kitu kilichovunjika", hajasema kwamba unadanganya. Maumivu yako ni ya kweli. Na yapo mambo yanayomfanya mbwa huyo abweke zaidi: kukosa usingizi, njaa, hofu, msiba, mawazo ya jamaa walioachwa nyuma. Watu waliopigwa, waliopigwa risasi, walioteswa au kubakwa wakati wa vita mara nyingi hubaki na maumivu ya mgongo, ya kichwa au ya sehemu ya chini ya tumbo kwa miaka. Hapa makazini hao si wachache.

Yapo pia maumivu sugu yenye chanzo kinachojulikana: baridi yabisi, magoti yaliyolika, kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu ya miguu, virusi vya UKIMWI, mkanda wa jeshi, saratani, ugonjwa wa seli mundu. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupimwa, si kununua.

"Nipigwe picha"

Ombi hili wahudumu hulisikia kila siku. Watu wengi huamini kwamba bila picha ya eksirei hakuna matibabu ya mgongo, na wengine hukopa nauli ya Mbarara kwa ajili hiyo tu. Ukweli ni kwamba kwa maumivu mengi ya mgongo picha haibadilishi matibabu. Eksirei huonyesha mifupa, lakini haionyeshi misuli iliyochoka wala mishipa ya fahamu iliyojifunza kuogopa. Hata mashine kubwa za kisasa huonyesha diski zilizochakaa kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, kama vile nywele zinavyopata mvi. Mtu akiambiwa "diski zako zimechakaa" huogopa, huacha kutembea, na mgongo huzidi kuwa mbaya.

Picha inahitajika pale ambapo mhudumu ana shaka ya jambo kubwa. Dalili hizi usizisubirishe hata siku moja:

- Mgongo unauma na miguu inapoteza nguvu, au unahisi ganzi sehemu unayokalia, au umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo.
- Mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hushika mapafu, lakini hushika pia mifupa ya mgongo, na kinatibika kikigunduliwa mapema.
- Maumivu yalianza baada ya kuanguka, ajali ya boda boda au kipigo.
- Maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.
- Kichwa kinachouma ghafla kuliko wakati wowote maishani, au kinachokuja pamoja na shingo ngumu, kuona giza, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili.

Namna ya kueleza maumivu yako

Katika chumba cha matibabu una dakika chache, pengine kupitia mkalimani. Ukisema "mwili wote unauma", mhudumu ataandika paracetamol na kumwita anayefuata. Si kwa ubaya. Hana kingine cha kushika.

Sema yanaanzia wapi na yanakwenda wapi. Sema yanafananaje: yanachoma kama moto, yanapita kama umeme, kama sindano, kama ganzi, au yanauma kama mwili uliochoka? Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu maumivu yanayowaka au kupita kama umeme mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe, na hayo yana dawa zake tofauti. Sema yalianza lini, nini kinayazidisha, usiku unalala saa ngapi. Na sema yanakuzuia kazi gani: kuchota maji, kubeba mtoto, kukaa kanisani au msikitini saa nzima. Kama ulipigwa au kuteswa, unaweza kusema hilo pia, na unaweza kuomba mkalimani mwingine kama huyo aliyepo ni jirani yako au mtu wa jinsia usiyoridhika nayo. Una haki hiyo.

Beba dawa zote unazotumia, hata za dukani, hata kama huna jina lake. Mama wa Rubondo alikuwa akivificha vidonge vyake kwa sababu aliogopa kugombezwa. Kumbe vile vidonge ndivyo vilivyokuwa vinaeleza presha yake.

Dawa: ipi inasaidia nini

Paracetamol ni salama kwa wengi ikitumiwa kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mtu aliyekonda sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe anapaswa kutumia pungufu. Ukizidisha unaharibu ini, na ini haliumi mpaka limeshaharibika. Ukweli mwingine: kwa mgongo wa muda mrefu paracetamol pekee husaidia kidogo tu. Kuongeza vidonge hakuongezi nafuu.

Ibuprofen na diclofenac, hiyo ambayo wengi huiita diklo, pamoja na Indocid, ni ndugu wa familia moja. Hupunguza uvimbe na zinaweza kusaidia mgongo au goti lililowaka kwa siku chache. Zinywe baada ya chakula, kwa kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache iwezekanavyo. Zikitumiwa kila siku kwa miezi hutoboa tumbo, huharibu figo na hupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au presha asizitumie bila kuambiwa na mhudumu. Mama mjamzito asizitumie bila ushauri, hasa baada ya mimba kufika wiki 20. Na usichanganye mbili za familia hii ukidhani ni dawa tofauti. Watu hunywa ibuprofen ya kituoni na diklo ya dukani siku hiyo hiyo.

Kuhusu sindano ya diklo. Najua inavyopendwa. Watu huniambia kwamba kituo kisichochoma sindano hakijakutibu. Lakini kwa maumivu ya muda mrefu sindano haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge. Dawa ni ile ile na madhara ya tumbo na figo ni yale yale. Zaidi ya hapo, sindano ikichomwa vibaya kwenye makalio inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na mtu aliyeingia na maumivu ya mgongo akatoka anaburuta mguu.

Sasa turudi kwenye vidonge vya mchanganyiko. Muuzaji huvitoa kwenye makopo makubwa na kuvifunga pamoja: cha maumivu, cha tumbo, na mara nyingi ndani yake kuna deksa, yaani dexamethasone, au prednisolone. Hizi ni dawa za jamii ya steroidi. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, kwa magonjwa maalumu. Kwa mtu aliyechoka na maumivu huleta nafuu ya haraka na hamu ya kula, ndiyo maana zinauzika, na ndiyo maana wengine huzitumia ili kunenepa. Zikitumiwa kwa miezi huvimbisha uso, hupandisha presha na sukari, hulainisha mifupa mpaka ivunjike kwa urahisi, na hupunguza kinga ya mwili hata kifua kikuu kilicholala kikaamka.

Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Kama umetumia vidonge vya namna hiyo kila siku kwa majuma mengi, usiviache ghafla leo baada ya kusoma hapa. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiikata ghafla unaweza kuanguka, kutapika, presha kushuka, hata kufa. Vipeleke kituo cha afya ili wakupunguzie polepole.

Tramadol ni dawa kali zaidi. Kwa mgongo sugu wa kawaida haishauriwi; ina uraibu, na kwa baadhi ya watu huleta degedege. Vijana wanaoinywa ili wabebe mizigo bila kuchoka wanajua jinsi siku bila kidonge inavyokuwa.

Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya moto na umeme, ipo dawa ya zamani na ya bei nafuu inayoitwa amitriptyline. Hutolewa kwa kipimo kidogo usiku, mara nyingi kuanzia miligramu 10 au 25. Dawa hii ina tatizo moja ambalo si la kitabibu: kwa kipimo kikubwa hutibu huzuni kali. Mgonjwa hufika nyumbani, jirani anayejua kusoma anamwambia "hii ni dawa ya vichaa", na kidonge kinaishia kwenye paa la nyumba. Nimeisikia hadithi hii zaidi ya mara moja. Amitriptyline hutuliza zile njia za mwili zinazobeba maumivu, basi, na kwa kuwa hutolewa usiku humsaidia mtu kulala. Haifanyi kazi siku ya kwanza. Subiri majuma mawili hadi manne kabla ya kusema imeshindwa. Mdomo unaweza kukauka na asubuhi ukawa na usingizi. Usiichanganye na pombe wala tramadol, mwambie mhudumu kama una ugonjwa wa moyo, na ifiche mbali na watoto, kwa sababu vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kama unatumia dawa za kifua kikuu na miguu imeanza kuwaka au kufa ganzi, rudi haraka kwa waliokupa. Mojawapo ya dawa hizo, isoniazid, inaweza kupunguza vitamini B6 mwilini, na kuna kidonge cha kuirudisha.

Kwa wenye kichwa kinachouma kila siku: hesabu. Mtu anayemeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa zenyewe. Dawa hapo ni kuziacha kwa msaada wa mhudumu, na majuma ya mwanzo ni magumu.

Mgongo hautaki kitanda

Wazee wetu walisema mgonjwa apumzike, na kwa malaria walisema kweli. Kwa mgongo sugu, kulala siku nzima ni sumu. Misuli hupungua, viungo hukakamaa, na siku ukiinuka kila kitu kinauma zaidi.

Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya mgongo. Tatizo si la kambini peke yake: mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo. Kati ya yaliyopendekezwa ni kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kusingwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za jamii ya ibuprofen. Kati ya yaliyokataliwa ni mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo, na dawa kali za jamii ya morfini. Mikanda hiyo inauzwa sokoni kwa pesa nyingi. Weka pesa yako.

Najua neno "mazoezi" linavyosikika kwa mwanamke aliyeamka saa kumi na moja asubuhi, akachota maji, akalima, akapika. "Mazoezi gani tena?" Ni swali la haki. Lakini kulima kumeinama saa tano ni kurudia mwendo mmoja mpaka misuli ile ile ichoke. Mazoezi ya mgongo ni kuipa kazi misuli mingine iliyolala.

Haya matatu hayahitaji vifaa. La kwanza, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, vuta goti moja taratibu hadi kifuani, hesabu hadi kumi, badilisha. La pili, ukiwa bado chali na magoti yamekunjwa na nyayo chini, inua makalio juu, hesabu hadi tano, shusha. Mara tano kwanza. Baada ya juma moja ongeza. La tatu, piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, inua mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha ulegeze ushuke. Asubuhi na jioni. Na kutembea mwendo wa kawaida dakika kumi bila mzigo, ukiongeza dakika mbili mbili kila juma.

Kuuma kidogo wakati wa mazoezi si dalili ya kuharibika. Kama maumivu yanapanda sana na bado yako juu kesho yake, punguza idadi, usiache.

Kosa lingine ambalo karibu kila mtu hulifanya ni hili: siku ukiamka na nafuu, unafanya kazi zote zilizolala za juma zima, kisha unalala siku tatu. Mwili unajifunza kwamba kazi ni adui. Gawanya. Kama mgongo huanza kulalamika baada ya dakika arobaini za kulima, pumzika kwenye dakika thelathini, kabla haujalalamika. Ni vigumu, hasa mvua ikikaribia na shamba la jirani limeshapandwa, lakini ndiyo njia inayofanya kazi.

Na maji. Jerikeni moja, au bido kama wengi wetu tunavyoliita, likijaa lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mara nne kwa siku ni kilo 80. Beba mawili ya lita 10, moja kila mkono, badala ya moja zito upande mmoja. Tumia baiskeli au toroli ya jirani pale inapowezekana. Ukiinua, kunja magoti, bidoni karibu na kifua, usiinue huku umegeuka. Fua na osha vyombo ukiwa umekaa kwenye kibao, si umeinama. Jembe lenye mpini mrefu hupunguza kuinama. Na kwa akina baba wanaosoma hapa: wavulana wa miaka kumi na sita na wanaume wenye mikono miwili mizima nao wanaweza kwenda bombani. Hilo nalo ni matibabu ya mgongo wa mama.

Joto husaidia pia. Jaza maji ya moto kwenye chupa, funga kwa kitambaa, weka mgongoni dakika kumi na tano. Wenye kisukari au ganzi wasiweke joto sehemu isiyohisi, maana wataungua bila kujua.

Usingizi, hofu na maumivu

Mtu akitumwa kwa mshauri wa saikolojia kwa ajili ya mgongo huona ametukanwa. Kumbuka yule mbwa. Hofu na maumivu hupita kwenye njia zinazokaribiana mwilini, na kutuliza kimoja hutuliza kingine kidogo. Hakuna anayesema maumivu yako yako kichwani tu.

Jaribu hili usiku: vuta pumzi taratibu kwa pua hadi tumbo lipande, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, kwa dakika tano. Lala na uamke saa zile zile. Pombe, hasa waragi, huleta usingizi wa saa mbili na kuukata usiku wa manane, na ikichanganywa na dawa ni hatari.

Vikundi navyo husaidia. Hapa Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, programu ya WHO ya vikundi vya kujisaidia, inayotumia sauti zilizorekodiwa na kitabu cha picha, ilijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba msongo wao ulipungua. Hawakuhitaji kusimulia yaliyowapata mbele ya wengine. Uliza kituoni au kwa VHT wa kijiji chako kama kuna kikundi karibu.

Waganga, majani na maombi

Wengi wetu huanza huko, na sitajifanya kwamba sivyo. Kusingwa kwa mafuta, kukandwa kwa maji ya moto, kuombewa na kukaa na watu hakuna ubaya, na mara nyingi huleta nafuu. Kuchanjwa na kuumikwa ni jambo lingine: wembe mmoja kwa watu wawili hupeleka virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Dawa za kunywa za majani nyingine huumiza figo na ini, hasa ukiwa na dawa za kituoni tumboni, usimfiche mhudumu. Na kiongozi wa dini akikuambia uache dawa za kisukari, presha au ARV ili kuonyesha imani, mwombe akuombee huku ukiendelea kuzimeza.

Pale maumivu yanapokuwa makali mno

Saratani ni jambo tofauti na yote niliyoyasema. Hapo morfini inashauriwa, na Uganda ina historia ya kujivunia. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, lilianza kutengeneza morfini ya maji ya kunywa, ya bei nafuu, na tangu mwaka 2004 sheria imeruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kuiandika. Katika nchi nyingi za Afrika mgonjwa wa saratani hufa akilia kwa sababu hakuna daktari wa kuiandika. Hapa, mgonjwa akipewa rufaa kwa wahudumu wa kutuliza maumivu, hupewa chupa bila malipo na kuitumia nyumbani.

Familia nyingi huikataa zikisema ni dawa ya kufa au itamfanya mgonjwa awe mlevi wa dawa. Mgonjwa wa saratani anayepewa kipimo sahihi huweza kula, kulala na kuongea na watoto wake. Siku za mwanzo atasinzia. Choo kitakuwa kigumu, kwa hiyo apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, mkisahauliwa, iulizieni.

Mtoto au mtu mzima mwenye seli mundu, ambao Wakongo wengi huuita SS, naye asiambiwe avumilie. Maji mengi, kumfunika asipate baridi, dawa ya maumivu mapema. Akiwa na homa, kifua kinauma, anapumua kwa shida au maumivu hayatulii, ni dharura, hata kama ni usiku. Uliza pia kuhusu hydroxyurea, dawa ya kila siku inayopunguza idadi ya mara anazoshikwa.

Ukifika kituoni

Vituo vya afya vya makazini huwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja, na huduma katika vituo vya serikali ni bure. Dawa huisha, hilo tunalijua. Ikiisha, omba mhudumu akuandikie jina lake kwenye karatasi ili ukienda dukani ununue hiyo, si mchanganyiko, na uombe iuzwe ikiwa kwenye pakiti yake yenye jina na tarehe. Uliza kama mtaalamu wa fiziotherapia anakuja, na siku gani. Wengine hupita mara chache kwa mwezi na watu hawaambiwi. Rufaa ya kwenda hospitali huanzia kituoni. Ukienda Mbarara kwa nauli yako bila karatasi, mara nyingi utarudishwa ulikotoka.

Ukidaiwa pesa kwa huduma ya bure, au ukinyimwa mkalimani, piga 0800 323232. Ni laini isiyolipiwa, na kuna wanaoongea Kiswahili.

Mama wa Rubondo alipeleka kikaratasi chake. Wamempa prednisolone kwa kipimo kinachopungua kila juma, dawa ya tumbo, na tarehe ya kupimwa presha. Anasema mgongo unauma zaidi sasa kuliko alipokuwa na vidonge vyake, na waliokuwa wanamtibu walimwambia mapema kwamba itakuwa hivyo kwa muda. Mwanawe mkubwa ndiye anayechota maji.